Mama Alipokwenda Osaka

Juzi nilikwenda Mchikichini kumtafutia mjukuu wangu koti zito, maana amechaguliwa shule ya Njombe, na huko wanasema asubuhi majani huwa meupe kwa baridi. Muuzaji akakata kamba za robota mbele yangu, akamwaga makoti juu ya meza, na ile harufu ikanipiga usoni: vidonge vya nondo, vumbi, na unyevunyevu wa nguo iliyofungiwa muda mrefu. "Chagua, mama, chagua!" akawa anaimba. Mimi nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimerudi darasa la pili, nimesimama kwenye ukumbi wa nyumba yetu Mtaa wa Sikukuu, namtazama mama akijaribu koti la maiti.

Ninyi wa rika langu hamna haja ya kuelezwa. Miaka ile nguo hizo tuliziita kafaulaya, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia kwamba hilo lilikuwa jina la utani tu. Kwangu maana yake ilikuwa wazi: mtu kafa Ulaya, kavuliwa koti, koti likaletwa kwetu. Baba alilipata kwa fundi mwenzake kule Gerezani, kwenye karakana za reli alikokuwa akifanya kazi. Lilikuwa la kiume, rangi ya majivu, na mikono yake ilimfunika mama mpaka ncha za vidole. Shangazi Somoe, dada yake baba, alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilinusa upindo wake nikajiuliza mwenye koti alikuwa nani, na kama alijua nguo yake imekuja kumchukua mtu mwingine.

Mama alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyavu, Barabara ya Pugu. Mashine zao za kufunga mafundo zilitoka Japani, na zikiharibika zilikaa kimya hata miezi zikimsubiri mtaalamu kutoka huko huko. Ndipo uongozi ukaamua wafanyakazi wawili wapelekwe mji wa Osaka wakajifunze kuzitengeneza wenyewe. Mmoja alikuwa bwana aliyeitwa Mbaraka, na wa pili mama yangu. Safari ilipokaribia, Bwana Mbaraka akaugua ini, akalazwa. Mama akaambiwa achague: aende peke yake, au nafasi irudi wizarani.

Nyumbani kwetu hilo lilizua maneno. Shangazi Somoe alikuja kutoka Magomeni, akavua viatu mlangoni, na hata kabla ya kukaa akaanza.

"Kaka, ni kweli utamwachia mkeo aende peke yake mpaka huko jua linakotokea?"

"Serikali ndiyo imemchagua," baba akasema.

"Na serikali ndiyo itakayowaogesha watoto?"

Mama alikuwa akimlisha mdogo wangu Issa uji. Hakuinua uso. "Wifi," akasema taratibu, "nitarudi kabla ya masika. Na watakaowaogesha watoto, nilikuwa naomba uwe wewe."

Jioni ile Shangazi alirudi Magomeni kuchukua nguo zake.

Watu wa mtaani walisema yao pia. Kwenye foleni ya sukari nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba mwanamke akishapanda ndege hageuki nyuma. Mama Hansa, Mhindi aliyekuwa na duka la vifungo na nyuzi ng'ambo ya barabara, ndiye peke yake aliyefurahi waziwazi. Alimletea mama soksi nene za sufu, akamwambia, "Wewe nenda, dada. Mimi nilikuja hapa na meli, msichana mdogo, silijui hata neno moja la Kiswahili. Sasa nagombana na watu wote wa Kariakoo." Mama alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Bwana Mbaraka alazwe, na kicheko kile nacho kilinitia wasiwasi, kwa sababu kilikuwa cha mtu ambaye ameshaamua.

Hapo lazima nieleze jambo jingine, maana bila hilo hamtanielewa. Muda mfupi kabla ya safari ya mama, Bi Tausi alifariki. Alikuwa mwenye nyumba tuliyopanga, na chumba chake kilitazamana na chetu. Wanawake walimwosha humo ndani, na pazia halikufunga vizuri. Niliona mguu. Niliona kitambaa cheupe, na pamba nyeupe ikiwekwa puani. Niliona jinsi kina mama wote walivyokuwa kimya, wao ambao siku zote walisemeshana kwa kelele toka uani mpaka barazani. Kisha wanaume wakambeba, sisi wasichana tukabaki. Nilimuuliza mama Bi Tausi anapelekwa wapi.

"Chini ya ardhi," mama akasema. "Kupumzika."

"Atatoka lini?"

Mama aliitwa uani kusaidia sufuria, hakunijibu.

Basi mama akaondoka, na koti lile mkononi katikati ya jua la Desemba. Tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, Issa akalia mpaka akapoteza sauti, na mimi nikashikilia kidole cha baba huku nikiichukulia ndege kuwa ni kitu cha kawaida, kama basi la UDA lenye mabawa. Sikulia. Nilikuwa nimeambiwa mimi ni mkubwa.

Barua yake ilipofika, baba aliisoma kwa sauti ukumbini baada ya chakula, wapangaji wote wamekaa. Alisoma kama taarifa ya habari, akisimama kwenye kila nukta. Mama alisalimia kila mtu kwa jina. Alisema baridi ni kali kiasi cha kuumiza meno. Kisha baba akafika mahali pale ambapo naweza kupasema mpaka leo bila kuangalia popote:

"Kila siku asubuhi naingia chini ya ardhi pamoja na watu wengi sana. Huko chini wote wako kimya, hakuna anayemsemesha mwenzake. Wengine wamefumba macho. Wengine wamefungwa vitambaa vyeupe puani na mdomoni. Mwanzoni niliogopa, lakini sasa nimezoea."

Watu wazima wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mpangaji mmoja akasema, "Wenzetu wameendelea." Baba akaeleza kitu kuhusu gari moshi, lakini mimi nilikuwa sisikii tena. Nilimwangalia Shangazi Somoe nione kama ataanza kulia, naye alikuwa anachokonoa meno kwa njiti.

Nilidhani wananificha. Ndivyo watu wazima walivyo, nilijua; Bi Tausi alipofariki walimwambia Issa kwamba kalala. Kwa hiyo nami niliamua kujifanya sijui. Nilikwenda shule, nikaimba wimbo wa asubuhi, nikafagia uwanja. Lakini chakula kilikuwa hakishuki. Kila nilipopita karibu na shimo, hata la bomba la maji lililochimbwa Mtaa wa Swahili, nilipita upande wa pili wa barabara. Issa akisema "Mama", nilimziba mdomo. Shangazi alinipa dawa ya minyoo.

Barua nyingine haikuja. Wiki zikapita. Baba alianza kupita posta kila akitoka kazini, na kila akirudi Shangazi alimtazama mikono kwanza kabla ya kumsalimu. Nilimsikia akimuuliza kwa sauti ya chini, "Bado?" Baba akasema, "Bado." Basi nikajua kwamba wao nao wanangoja kitu, na kwamba ni kitu kibaya.

Siku moja darasani Mwalimu Rehema alikuwa akitufundisha siasa. Alituambia nchi yetu ni ya wakulima na wafanyakazi, kila mmoja asimame aseme wazazi wake wako upande gani. Wenzangu wakasimama mmoja mmoja. Baba mkulima, mama mkulima. Baba dereva. Zamu yangu ikafika.

"Baba yangu ni mfanyakazi," nikasema.

"Na mama?"

Nilijaribu kusema mfanyakazi. Badala yake nikasema, "Mama yangu yuko chini ya ardhi, huko Japani."

Mwalimu Rehema alijua mama amesafiri. Kariakoo nzima ilijua. Aliweka chaki chini, akaja mpaka kwenye dawati langu, akapiga magoti.

"Unasema nini, Zena? Nani kakwambia?"

"Baba kasoma kwenye barua."

Hakuuliza zaidi. Alinikumbatia, na kifua chake kikaanza kutetemeka. Hapo ndipo na mimi nilipolia, kilio chote nilichokuwa nimekibana tangu uwanja wa ndege, na darasa zima likalia nami, wengine bila kujua kwa nini.

Kengele ilipogongwa mwalimu alijitanda khanga, akawachukua walimu wenzake wawili, wakanishika mkono mpaka nyumbani. Shangazi Somoe alikuwa barazani anachambua mchicha. Alipoona walimu watatu wamejitanda, nami nimevimba macho katikati yao, alisimama, na mchicha ukamwagika.

"Poleni sana kwa msiba, dada," Mwalimu Rehema akasema.

Shangazi hakuuliza msiba gani. Mtu aliyekuwa akingoja barua kwa wiki zote zile haulizi. Alifikiri habari imekuja kwa njia ya serikali, kupitia shule. Alipiga ukelele mmoja ambao sijausikia tena maishani mwangu, akashika kichwa, akaanguka pale pale kwenye mchicha. "Wifi yangu! Wifi yangu jamani, nilimsema!"

Mtaa wetu ulijua la kufanya. Muda si muda mikeka ikatandikwa ukumbini. Kina mama waliingia wamejitanda, wakalia mlangoni, wakakaa. Mama Hansa alifunga duka nusu, akavuka barabara bila viatu. Balozi wetu wa nyumba kumi akaleta viti vya kuazima na kuanza kuuliza kama mwili utaletwa au utazikwa huko huko. Mtu mmoja akapewa baiskeli akimbie Gerezani kumwita baba.

Nami nilikaa kwenye kona, Issa mapajani, na nawaambieni ukweli, nilijisikia nafuu. Hatimaye wote wamekubali. Hatimaye sikuwa peke yangu na jambo lile.

Baba alikuja mbio na ovaroli lake, mafuta ya mashine mpaka kwenye viwiko. Watu walimpisha. Alisimama mlangoni akatazama mikeka, akatazama viti, akamtazama dada yake.

"Nani kaleta habari?" akauliza.

Shangazi akazidi kulia.

"Nauliza, nani kaleta habari? Imekuja simu? Imekuja telegramu?"

Shangazi akamwonyesha balozi. Balozi akasema yeye kaambiwa na Mama Hansa. Mama Hansa akasema yeye kasikia ukelele. Swali likazunguka chumba kizima kutoka mkeka hadi mkeka, na kila lilipofika mtu alimtazama mwenzake, mpaka likafika kwa Mwalimu Rehema, aliyekuwa ameanza kuinuka taratibu.

"Mtoto," akasema. "Zena ndiye aliyesema. Alisema wewe ndiye uliyemsomea."

Macho yote yakanigeukia. Baba alikuja akachuchumaa mbele yangu. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na uso kama ule, uso unaoomba.

"Nilikusomea nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Nilisema maneno ya mama kama yalivyokuwa, neno kwa neno: anaingia chini ya ardhi, watu wako kimya, wamefumba macho, wamefungwa vitambaa vyeupe puani. Mwanzoni aliogopa lakini sasa amezoea.

Nilisikia cherehani ya fundi wa jirani ikilia kisha ikaacha. Kisha baba akakaa chini kwenye mkeka, akaziba uso kwa viganja vyake vyeusi vya mafuta.

"Ni gari moshi," akasema kutoka nyuma ya viganja. "Jamani, ni gari moshi tu. Lao linapita chini ya ardhi."

Kuna aliyecheka. Kuna aliyesema "Alhamdulillahi." Shangazi Somoe alinikamata bega, nikajua napigwa, lakini mkono wake ulibadili mawazo ukiwa njiani, ukanivuta kifuani. Mikeka ikaanza kukunjwa. Watu waliokuja kutufariji wakawa sasa wanataka chai, na kwa kuwa sukari yetu ilikuwa imekwisha, Mama Hansa akaleta yake.

Mngedhani hofu iliondoka na viti vya balozi. Haikuondoka. Watu walipokwisha tawanyika nilimwona baba kasimama uani peke yake, na Shangazi akamfuata, akamuuliza lile lililokuwa kichwani mwa kila mtu.

"Sawa, ni gari moshi. Lakini mbona haandiki?"

Kesho yake asubuhi baba hakwenda kazini. Alinivalisha gauni la Iddi, akanichukua hadi kiwandani, Barabara ya Pugu. Bwana utumishi alisikiliza kisa chote bila kucheka, akafungua mtoto wa meza, akatafuta namba ya bweni alilofikia mama. Kutoka hapo tukaenda mjini, kwenye jengo la simu za nje. Ndani mlikuwa na vibanda vya mbao vyenye milango ya kioo, na benchi refu ambalo watu walikaa kama wanaongoja daktari. Baba alitoa namba dirishani. Tukangoja. Watu waliokuja baada yetu waliitwa, wakazungumza na Nairobi, na London, wakatoka wakijifuta jasho. Baba alikuwa akizungusha kofia yake magotini. Adhuhuri ilikuwa imekaribia dada wa dirishani alipoita, "Osaka! Kibanda cha mwisho!"

Baba alipiga kelele kwenye ile simu kana kwamba anataka mama amsikie bila waya. "Halo! Halo! Mama Zena?" Kisha akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. "Mzima? Uko mzima? Mbona kimya?" Akasikiliza. Akasema "Haya" mara nyingi. Akaniinua, akaniwekea simu sikioni.

Mlikuwa na mvumo kama wa kombe ukiliweka sikioni, na nyuma ya mvumo kulikuwa na sauti ya mama, ndogo, imechelewa, kana kwamba kila neno lilisimama njiani kupumzika.

"Zena. Zena mwanangu."

Nilikuwa na swali moja tu. Nilikuwa nimelishika tangu Barabara ya Pugu.

"Mama, uko juu au uko chini?"

Mvumo. Nilidhani amekwenda. Kisha nikasikia pumzi yake.

"Niko juu, mwanangu. Niko ghorofani. Nipo karibu na dirisha."

"Unaona nini?"

"Naona taa. Huku kumeshaingia giza."

Nilitazama nje ya kioo. Jua lilikuwa utosini, watu wanatembea na vivuli vifupi miguuni mwao. Giza la nini? Nilitaka kumuuliza, lakini sauti ya mtu mwingine ikaingia ikasema kitu, na mvumo ukakatika.

Baba aliuona uso wangu. Hakunirudisha nyumbani. Tulirudi Kariakoo kwa miguu, mpaka sokoni, lile jengo jipya la zege ambalo paa lake lina miavuli mikubwa, na badala ya kuingia ghorofa ya juu akanivuta kwenye ngazi za kushuka Shimoni, sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi. Sikuwahi kukubali kushuka huko hata Shangazi aniahidi nini. Nilishikilia chuma cha ngazi. Baba hakunilazimisha. Alikaa kwenye ngazi, pembeni, watu wakawa wanatupita na makapu.

"Tazama tu," akasema. "Usishuke. Tazama."

Nikatazama. Mama mmoja alishuka na kapu tupu. Akapotea gizani, kwenye harufu ya dagaa, magunia na nazi mbovu. Wengine wakashuka, wachukuzi, wazee, msichana wa rika langu na chupa ya mafuta. Tulikaa. Yule mama wa kwanza akapanda, kapu limejaa, anahema, akatuambia tumekaa njiani. Msichana naye akapanda, akaniangalia vibaya.

"Mama yako anashuka hivyo," baba akasema, "na anapanda hivyo. Kila siku."

Baadaye kidogo nilimpa mkono tukashuka wote. Kulikuwa na taa. Watu walikuwa wanagombania bei ya viazi.

Mama alirudi masika ikiwa imeshaanza, kwa hiyo alikuwa amechelewa kidogo, na hilo Shangazi alilitaja kabla hajamkumbatia. Alikuwa amekonda. Issa hakumtambua, akajificha kwa Shangazi. Mimi nilimtambua lakini nilibaki nyuma ya mlango, namkagua. Nilikuwa natafuta kitu, sijui nini, pengine udongo kwenye nywele. Alinyoosha mikono akaniita, nikamwamkia kutoka pale pale nilipo, "Shikamoo, mama," kama namwamkia mgeni. Akaitika, "Marahaba," na mikono akaishusha. Hakunilazimisha.

Kina mama wa mtaa walijaa uani kumsikiliza. Hapo ndipo tulipojua yaliyompata. Alipotua Osaka, alisema, alikuta ukumbini bwana mmoja mfupi mwenye miwani, kashika kibao kimeandikwa MBARAKA. Mama akakisoma, akawaza, huyu kamfuata Mbaraka, masikini, hajui kama anaumwa. Wangu mimi atakuja. Akakaa juu ya sanduku lake, ndani ya koti lile, akangoja. Yule bwana naye akangoja, anachungulia juu ya kichwa cha mama akimtafuta mwanamume. Abiria wote wakaisha. Wakabaki wao wawili na mfagiaji. "Tukawa tunatazamana kama mbuzi na fisi," mama akasema, "na hatujui nani mbuzi." Mwishowe aliinuka, akaenda, akaonyesha kile kibao, akajionyesha kifuani. Yule bwana akainama. Mama naye akainama. Yule bwana akainama tena. "Basi mimi nikawa Mbaraka," akasema, "na walivyoshika jina hilo, mpaka naondoka huko bado kuna walioniita Mbaraka." Kina mama walicheka mpaka wakashikana.

Kisha akasimulia Jumapili moja, baada ya kututumia ile barua. Alikuwa amechoka kukaa chumbani, akajiambia ataona mji. Kuna gari moshi jingine huko, la juu, lisilopita ardhini. Alipanda. Kituo chake hakuweza kusoma jina lake, kwa hiyo alikishika kwa picha: juu ya paa la jengo moja palichorwa mtoto anapiga mswaki. Akaenda, akaona mji, maghorofa, moshi wa viwanda, watu kama siafu. Akageuza kurudi. Lakini jioni iliingia mapema, taa za rangi zikawashwa, na picha zote za mchana zikabadilika. Mtoto wa mswaki hakuwepo. Kila kituo kilikuwa kama kilichotangulia. Milango ilifunguka, ikafungwa. Aliwauliza watu kwa Kiswahili, akauliza kwa Kiingereza chake cha kiwandani, wakamwinamia kwa adabu na kusogea. Hakuwa na mtu hata mmoja katika mji mzima ule aliyejua jina lake, na yule aliyejua, alijua Mbaraka.

"Gari likawa linakwenda tu," mama akasema. "Nikaona ngome moja kubwa, ya wafalme wao wa zamani, imewashwa taa juu ya kilima. Likaenda, likaenda, nikaiona ngome ile ile tena. Hapo nikashtuka. Kumbe gari hili linazunguka! Haliendi popote. Nikajiambia, kinachozunguka kitanirudisha. Mbele ya kituo changu kuna daraja la chuma. Taa zinabadilisha picha, lakini chuma hazikibadilishi. Nikaweka uso kwenye kioo nikalitafuta daraja."

Alilipata. Alishuka. Baada ya siku ile, akasema, kila aliposhika kalamu alishindwa. Akiandika kwamba yuko salama ataona ni uongo, na akiandika ukweli sisi hatutalala. Kwa hiyo akawa anaahirisha, mpaka siku alipoitwa kwenye simu bwenini. Shangazi Somoe akasema, "Na sisi huku tulishakuzika," akamweleza habari ya mikeka, na uani kukawa na vicheko mpaka wapangaji wa nyumba ya pili wakachungulia ukutani.

Mimi sikuweza kucheka. Wageni walipoondoka, mama akavuta ungo, akakaa kwenye kibao cha mbuzi karibu na mlango wa jikoni, akaanza kuchambua mchele. Nilisogea mpaka umbali ambao angeweza kunishika kama angetaka.

"Mama. Kwenye lile gari linalozunguka, ulilia?"

Alitazama uani kama kuna mtu wa tatu. "Nililia."

"Sana?"

"Sana."

"Nani alikubembeleza?"

"Hakuna mtu."

Nilifikiri. Mimi nilipolia kulikuwa na Mwalimu Rehema. Issa alipolia kulikuwa na Shangazi. Hata Shangazi alipoanguka kwenye mchicha, kuna waliomshika.

"Sasa ulinyamazaje?"

Akachukua jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Nilinyamaza mwenyewe, Zena."

Alilisema kama jambo la kawaida, na lilinitisha kuliko yote niliyoyasikia siku zote zile. Nikaenda nikamkalia mapajani, ingawa nilikuwa mkubwa na miguu yangu ilifika chini. Alinizungushia mikono pande mbili, akaushika ungo mbele yangu, akaendelea kuchambua mchele.